Uzi: Josiah Child, mzabuni wa bia aliyeiweka serikali ya Uingereza mfukoni, kisha akajaribu na Aurangzeb

MpekuziWaKale

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye mjadala wa ukoloni jamaa mmoja aliandika kwamba Kampuni ya India Mashariki ilitumwa na wafalme wa Uingereza kwenda kuiteka India. Akapigiwa makofi. Mimi napinga. Kampuni ile ilipewa hati yake ya biashara na Malkia Elizabeth siku ya mwisho ya mwaka 1600, na kwa miaka zaidi ya 80 iliishi India kama mpangaji: inanunua vitambaa, inalipa ushuru, inawabembeleza maofisa wa Mughal, dola iliyotawala sehemu kubwa ya India, kama wafanyabiashara wengine wote. Aliyeisukuma kuanza vita na dola ya Mughal, enzi za mfalme wake Aurangzeb, hakuwa mfalme wa Uingereza. Alikuwa mfanyabiashara wa London ambaye maisha yake yote hakukanyaga India. Jina lake Josiah Child.

Nitashusha kwa vipande. Wenye haraka wapite, wenye nafasi vuteni viti.

Alizaliwa London mwaka 1630 hivi, baba yake mfanyabiashara wa kawaida tu, si kabwela na si bwanyenye. Ujana wake umeangukia kipindi kigumu: mwaka 1649 Waingereza wamemkata kichwa mfalme wao Charles I, nchi iko chini ya Bunge na baadaye Cromwell, na kuanzia 1652 kuna vita baharini dhidi ya Waholanzi. Kijana akafungasha, akaenda Portsmouth, bandari ya jeshi la majini.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo utajiri ulipoanzia. Baharia wa Kiingereza wa enzi zile alikuwa na haki ya galoni 1 ya bia kwa siku. Zaidi ya lita 4. Haikuwa anasa, maji ya mapipa yalikuwa yanaoza safarini. Chukua meli ya watu 300, safari ya miezi mitatu: hiyo ni galoni 27,000 za bia kwa meli moja, bado hujaweka biskuti ngumu na nyama ya chumvi. Mtu akiwa na tenda ya kuwalisha hao, ameshamaliza. Child akawa mmoja wa waliozishika tenda hizo pale Portsmouth. Mwaka 1658 akawa meya wa mji. Mwaka 1659, bado hajafika hata miaka 30, yuko bungeni kama mbunge wa Petersfield.

Kipanya wa Kariakoo

Tenda, umeya, ubunge. Mpangilio ni uleule 😂 Endelea mkuu, nimeshaweka kambi.

BintiMakorora

Swali la haraka kaka. Cromwell si alikufa na mfalme akarudi? Huyu aliyekuwa anakula na serikali ya wapinga mfalme alinusurikaje?

MpekuziWaKale

Dada umewahi kabla sijafika. Mwaka 1660 Charles II akarudishwa, na waliokuwa wamesaini hukumu ya baba yake wakasakwa. Wengine wakanyongwa na kukatwa vipande hadharani. Child akayumba kidogo, hakuanguka. Jeshi la majini la mfalme mpya lilikuwa meli zilezile, mabaharia walewale, kiu ileile. Akaendelea kuuza. Safari hii akaongeza mbao na milingoti ya meli, akawa na kiwanda cha bia Southwark, ng'ambo ya kusini ya mto Thames, akashika tenda ya kulisha jeshi akiwa na mshirika wake, Thomas Papillon. Lishikeni jina la Papillon, atarudi.

Mwaka 1668 akachapisha kijitabu kuhusu biashara na riba. Hoja yake: Waholanzi wanatupiga kwa sababu kwao fedha ni rahisi, mtu anakopa kwa asilimia 3 au 4, wakati sheria yetu inaruhusu hadi 6. Shusheni hadi 4, mtaona maajabu. Akaorodhesha sababu 15 za utajiri wa Uholanzi. Nyingi ni za kiuchumi: ushuru mdogo bandarini, mabenki, mahakama za haraka za wafanyabiashara, uhuru wa dini unaovuta mafundi kutoka nje. Iliyonifurahisha ni ile ya elimu. Anasema Waholanzi wanawafundisha watoto wao hesabu na uwekaji wa vitabu vya biashara, wa kike sawasawa na wa kiume, kiasi kwamba mume akifa mjane anaishika biashara na mtaji hautawanyiki. Uingereza mume akifa, mtaji unatolewa kwenye biashara. Huyo ni mwanaume wa karne ya 17 anasema hivyo.

BintiMakorora

Hapo nimempa alama zake. Ila najua unakuja kuzifuta.

Mchumi Jua Kali

Mleta mada, hapo kwenye riba usimuache apite hivihivi. Nani anafaidika riba ikishuka kwa amri ya sheria? Mkopaji mkubwa mwenye dhamana. Mjane aliyeweka vijisenti vyake kwa mkopeshaji anaumia, na mfanyabiashara mdogo hakopesheki tena maana kwa asilimia 4 hakuna atakayejihatarisha naye. Huyu alikuwa anajipigia debe.

MpekuziWaKale

Mchumi, umesema kitu ambacho wenzake walimwambia usoni wakati uleule. Thomas Manley alimjibu kwa maandishi mwaka 1669 akiitetea asilimia 6. John Locke naye, yule mwanafalsafa, aliandika mwaka 1668 waraka wa kupinga sheria hiyo kwa hoja zinazokaribiana sana na zako: bei ya fedha haishuki kwa sababu Bunge limeamuru, watu watatafuta njia ya pembeni, na watakaoumia ni wajane na yatima. Bunge halikumsikiliza Child. Kiwango kilikuja kushuka hadi asilimia 5 mwaka 1714, yeye yuko kaburini.

Mimi ninavyomwona, alikuwa anaamini anachoandika NA kilikuwa kinamfaa. Kwa mtu wa aina yake hivyo viwili havikugombana hata siku moja.

Mwananchi Mwenye Hasira

Mbona husemi habari za utumwa? Mnaandika habari za matajiri wa Kizungu kama vile hela zilishuka kutoka mbinguni.

MpekuziWaKale

Nasema mkuu, na ni kwa maandishi yake mwenyewe. Wakati ule kulikuwa na malalamiko kwamba makoloni yanaimaliza Uingereza watu. Child akajibu kwa hesabu. Mwingereza mmoja Barbados au Jamaika, akiwa na Weusi 10 wanaomfanyia kazi, basi kwa chakula, nguo na zana zao watu 4 Uingereza wanapata ajira. Kwa hiyo visiwa vya sukari ni faida. Makoloni ya kaskazini kama New England, ambako walowezi walijilimia wenyewe, akayaona hayana maana kwa nchi mama. Soma tena hiyo hesabu. Watu kumi wamewekwa pale kama matumizi ya mashine, na aliyeiandika hakuona haja hata ya kujitetea, kwa sababu wasomaji wake hawakuwa na swali.

Twende kwenye kampuni.

Alianza kununua hisa za Kampuni ya India Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1670, na mwaka 1674 akaingia kwenye bodi. Kanuni ya kura ilikuwa hivi: kila pauni 500 za hisa ni kura moja, na hakuna ukomo. Ukiwa na pauni 50 huna sauti. Ukiwa na makumi ya maelfu unajichagua mwenyewe. Ungeweza kusema mfumo huo ulishonwa kwa vipimo vyake. Wakati huohuo amerudi bungeni kupitia Dartmouth, tangu 1673.

Mwanzoni alikuwa upande wa wakorofi. Mwaka 1676 Charles II aliitaka kampuni isimchague yeye wala Papillon. Miaka miwili baadaye mfalme huyohuyo anampa cheo cha baroneti, anaitwa Sir Josiah. Kilichobadilika? Siasa ilikuwa inagawanyika pande mbili: waliotaka kumbana mfalme, waliokuja kuitwa Whig, na waliomtetea, waliokuja kuitwa Tory. Child akasoma upepo akaona upande wa mfalme ndio utakaoshinda, akahama na mzigo wake wote. Mwaka 1681 akawa gavana wa kampuni. Mwaka huohuo kampuni ikaanza kumpelekea mfalme zawadi: gini 10,000 za dhahabu kila mwaka. Charles alipofariki 1685, zawadi ikaendelea kwa mdogo wake James II.

Kipanya wa Kariakoo

Zawadi 😂😂 Lugha ya adabu hiyo. Kwetu inaitwa "kitu cha mzee".

Mchumi Jua Kali

Na kampuni ilipata nini kwa hiyo "zawadi"?

MpekuziWaKale

Ilipata mahakama. Kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Thomas Sandys, hakuwa mwanachama wa kampuni, akaandaa meli yake kwenda India. Meli ikazuiwa palepale mto Thames. Kesi ikaenda mpaka 1685, Jaji Mkuu Jeffreys, yule katili aliyenyonga mamia ya waasi mwaka huohuo, akaamua kwamba mfalme ana haki ya kuipa kampuni moja biashara yote ya mashariki na wengine wote wakae pembeni. Ukiritimba ukapata muhuri.

Kumbukeni huyu ndiye aliyekuwa amewasifu Waholanzi kwa wepesi wa biashara, akakosoa vyama vya ukiritimba vilivyofunga milango kwa watu wa nje. Kampuni yake hakuihesabu humo. Alisema biashara ya India ni tofauti: inahitaji ngome, mizinga na mabalozi, na yeyote mwenye hela anaweza kununua hisa, kwa hiyo hakuna aliyefungiwa nje.

Na Papillon? Aliyekula naye tenda za jeshi miaka yote? Yeye alibaki Whig. Alitaka hisa za kampuni zifunguliwe upya ili wapya waingie. Child akapanga kura, na kufikia 1682 Papillon na wenzake wakatupwa nje ya bodi. Kisha Papillon akaingia kwenye mgogoro na meya wa London, akashitakiwa, akahukumiwa alipe fidia ya pauni 10,000, akakimbilia Utrecht, Uholanzi. Sisemi Child alimpeleka mahakamani. Ila hakuna dalili kwamba alinyoosha mkono.

Sheha Mstaafu

Ahsante mwanangu kwa darsa. Mimi ni mzee wa Unguja, nasoma polepole. Hebu tueleze, bidhaa zenyewe zilikuwa nini hasa? Maana sisi hapa tunaijua biashara ya Surat na Kutch tangu enzi za babu zetu. Nguo, shanga, kila kitu kikija na kaskazi.

MpekuziWaKale

Shikamoo Sheha. Ni vitu hivyohivyo kwa kiasi kikubwa. Vitambaa vya pamba na chiti za maua kutoka Gujarat, pwani ya Coromandel na Bengal, hariri, nili, pilipili manga, na shura ya kutengenezea baruti. Waingereza hawakuwa na bidhaa yao iliyotakiwa sana kule, sufu yao nani ataivaa kwenye joto la Surat, kwa hiyo walilipa kwa fedha taslimu, meli zikishuka zimebeba fedha. Wafumaji wa hariri na sufu wa London waliichukia biashara hiyo kufa. Mwaka 1697 walivamia makao makuu ya kampuni kwa mawe.

Ngoja niweke kipande cha nyumbani kwake kabla hatujaenda vitani.

Mwaka 1673 alinunua shamba la Wanstead, mashariki ya London, pembeni ya msitu wa Epping. Mwaka 1683 John Evelyn, bwana mmoja wa tabaka la juu aliyekuwa anaandika shajara, akaenda kuangalia. Alichoandika kina wivu mpaka unanuka: ameona gharama ya kutisha ya kupanda miti ya jozi na kuchimba mabwawa ya samaki, mahali pakame, kama kawaida ya hawa waliopata pesa ghafla. Anasema jamaa ameinuka kutoka uanagenzi hadi mali ya pauni 200,000 kwa jinsi watu wanavyosema, na kwamba ni bahili mchafu. Bahili, lakini binti yake Rebecca kamuoza kwa mtoto wa Duke wa Beaufort na kumsindikiza na pauni 50,000.

Ndani ya nyumba hali haikuwa tamu. Mke wa tatu, Emma, alikuwa mjane wa Francis Willughby, mtaalamu maarufu wa ndege na samaki, alikuja na watoto watatu wadogo wenye urithi mkubwa kutoka kwa baba yao. Child akaushika urithi huo kwa mkono wa chuma. Kijana mkubwa, naye Francis, alipofika miaka 19 akatoroka nyumba ya baba wa kambo. Mwaka 1687 dada yake Cassandra, bado msichana, akamfuata wakaenda kuishi Wollaton, nyumba ya ukoo wao iliyokuwa imekaa tupu miaka mingi. Cassandra alikuja kuwa mwandishi wa historia ya familia yake, ndiyo maana tunajua ugomvi huu. Bahati mbaya kwa Sir Josiah, mtoto wa kambo alikuwa na kalamu.

BintiMakorora

Nilijua alama zitafutwa. Aliwasifu wajane wa Kiholanzi wanaoshika mali, yeye mjane kamuoa na mali kaishika mwenyewe 🙄

Kipanya wa Kariakoo

Halafu kule baba wa binti ndiye anatoa mahari? Pauni 50,000? Nimezaliwa bara lisilo sahihi.

Mzururaji wa Ilford

Wakuu mimi nakaa jirani kabisa na huko, Wanstead Park napitaga Jumapili. Mabwawa bado yapo! Sikuwahi kujua ni ya nani. Na kuna kanisa la St Mary, ndani kuna sanamu kubwa la jamaa kavaa nguo za Kirumi na wigi la nywele ndefu. Ndiye huyu?

MpekuziWaKale

Ndiye. Marumaru, vazi la jemadari wa Kirumi, wigi la kizungu la karne ya 17 juu yake. Mtu ambaye hakuwahi kushika upanga kwenye vita yoyote.

Na hapo ndipo tunaingia vitani.

Bengal kulikuwa na mgogoro wa ushuru. Waingereza walidai wana msamaha, wanalipa rupia 3,000 kwa mwaka basi yaishe. Shaista Khan, gavana wa Mughal, anataka asilimia 3.5 kama sheria inavyosema. Kwa mpangaji mwenye akili hapo ni kujadiliana. Child akaona muda wa kujadiliana umekwisha. Hoja yake ilikuwa kwamba Waholanzi wana miji yao, ngome zao, kodi zao. Sisi tutabaki wachuuzi hadi lini? Mwaka 1686, kwa kibali cha James II, zikaondoka meli 10 na kompania 6 za askari kwenda kupigana na dola ya Aurangzeb, tajiri kuliko mfalme yeyote wa Ulaya, ambaye jeshi lake uwanjani lilihesabiwa kwa malaki. Mpango: kuteka Chittagong, kuzuia meli za Mughal baharini, waombe amani wenyewe.

Mwaka 1687 Child na bodi wakaandika barua kwa watu wao wa India kwamba lengo ni kujenga mamlaka ya kiraia na kijeshi, na mapato makubwa ya kuyalinda, yawe msingi wa utawala wa Kiingereza India kwa nyakati zote zijazo. Hiyo ni miaka 70 kabla ya Plassey, vita ya 1757 iliyoipa kampuni ubabe Bengal. Yule jamaa wa "ilitumwa na wafalme" aisome tarehe hiyo taratibu: Elizabeth aliyetoa hati ana miaka 84 kaburini.

Mwananchi Mwenye Hasira

Na hali ikawaje?

MpekuziWaKale

Aibu tupu.

Mashariki: mapigano yakaanza Hooghly Oktoba 1686 hata meli zote hazijafika. Wakala wa kampuni, Job Charnock, akakimbia na watu wake kushuka mto, wakajibanza Sutanuti, kisha kisiwa cha Hijli, tope na mbu, askari wakafa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Kapteni mwingine, Heath, akaja, akabeba watu wote, akaenda Chittagong mwanzoni mwa 1689, akaiangalia, akageuza meli akaenda Madras.

Magharibi: Bombay, mkuu wa kampuni alikuwa anaitwa John Child. Majina yanafanana, undugu hakuna. Huyu alianza kukamata meli za wafanyabiashara wa Mughal baharini. Kati ya alizokamata zilikuwamo zilizobeba nafaka ya kulisha jeshi la Sidi Yakut Khan.

Sheha, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Masidi, au Mahabshi kama walivyoitwa pia, ni watu wa asili ya Afrika. Mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Uhabeshi, Pembe ya Afrika na pwani yetu hii, wengi wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari wa kukodiwa. India baadhi yao walipanda hadi kuwa majemadari na watawala. Kusini kidogo ya Bombay kuna kisiwa cha Janjira, ngome ya mawe imezungukwa na bahari pande zote. Masidi waliishika, Wamaratha, dola ya Kihindu ya jirani, wakaishambulia mara kwa mara wakashindwa. Wao ndio waliokuwa manahodha wa kivita wa Mughal kwenye pwani ile. Huyo ndiye mtu ambaye John Child aliona ni vizuri kumuibia chakula.

Yakut Khan akadai mali yake irudishwe. Akajibiwa jeuri. Mwaka 1689 akashuka Sewri, kaskazini ya kisiwa, usiku, na jeshi lake. Walinzi wa Kiingereza wakakimbia. Akachukua Mazagaon, akapandisha bendera yake pale, akachukua Mahim, akabakiza ngome tu, Waingereza wamejifungia ndani wanakula akiba. Akawazingira kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baadhi ya askari wa kampuni waliruka ukuta wakaenda kujiunga naye, maana kwake mshahara ulilipwa.

Sheha Mstaafu

Allahu Akbar. Mwanangu, mambo haya shuleni hatukusomeshwa kabisa. Tulisomeshwa Vasco da Gama na wenziwe.

Kipanya wa Kariakoo

Nimesimama hapa dukani nimepiga saluti. Endelea, waliokolewa na nani?

MpekuziWaKale

Hakuna aliyewaokoa. Waliomba msamaha. Wajumbe wao wawili, George Weldon na Abraham Navarro, walikwenda kwa Aurangzeb. Kapteni Mskochi Alexander Hamilton, aliyekuwa na biashara zake kwenye bahari ile miaka hiyo, anasimulia kwamba waliingizwa mbele ya mfalme mikono imefungwa kwa shali, wakaangushwa kifudifudi. Mwaka 1690 farmani, yaani amri ya mfalme, ikatolewa: faini ya rupia 150,000, mali zote zirudishwe, John Child aondolewe India. Hilo la mwisho halikuhitaji kutekelezwa, alikuwa ameshafariki Bombay mwezi Februari. Yakut Khan akaondoka Juni, akiichoma ngome ya Mazagaon nyuma yake.

Hamilton huyohuyo anadai kuna ofisa wa kampuni aliyemwandikia Josiah Child kwamba ataamua kesi India kwa sheria za Uingereza. Child akamjibu kwamba anategemea amri zake ndizo ziwe sheria, si zile sheria za Uingereza ambazo ni rundo la upuuzi lililotungwa na mabwana wachache wa mashambani wasiojua hata kutungia sheria familia zao. Hamilton aliichukia kampuni, kwa hiyo mezeni na chumvi yake. Ila Sir Josiah alikuwa ameshakaa bungeni mara tatu akitunga sheria hizohizo.

Mchumi Jua Kali

Bei ya hisa ilifanyaje wakati wa vita? Mtu huyu lazima alicheza humo.

MpekuziWaKale

Alicheza sana. Daniel Defoe aliandika mwaka 1719 kuhusu ujanja wa soko la hisa la London, na Child ndiye anamtaja kama mwasisi wa fani. Anasema madalali wote macho yao yalikuwa kwa watu wa Sir Josiah: leo ananunua au anauza? Akitaka kununua, kwanza anawatuma watu wake waanze kuuza, nyuso zimewanyong'onyea, kama vile kuna habari mbaya imefika kutoka India. Soko zima linaogopa, bei inaanguka, na watu wake wengine wako pembeni wananunua kimyakimya. Defoe anasema hata barua za uongo kutoka India ziliandikwa, meli zimezama ambazo hazikuzama, vita na Mughal wakati kuna amani na amani wakati kuna vita.

Fikirieni nafasi yake. Yeye ndiye anayeanzisha vita, yeye ndiye wa kwanza kusoma barua za vita, na yeye ndiye mwenye hisa nyingi.

BintiMakorora

Na James II si alipinduliwa 1688? Gini elfu kumi kumi zote zikapotea?

MpekuziWaKale

Zilipotea, na ikawa mzigo, maana alionekana mtu wa mfalme aliyefukuzwa. William III akaingia, Whig wakarudi, Papillon akarudi kutoka Utrecht na kiti bungeni. Child safari hii hakukaa mbele, alikaa Wanstead na kuwaongoza watu wake. Mwaka 1693 kampuni ikachelewa kulipa kodi ya hisa, kisheria hati yake ikafa. Ikapewa mpya Oktoba mwaka huo, lakini kura zikawekewa ukomo: pauni 1,000 kura moja, kwa mtu mmoja zisizidi 10. Ule mlango aliopitia yeye ukafungwa.

Na hati hiyo ilipatikanaje? Mwaka 1695 Bunge likafungua vitabu. Gavana wa wakati ule, Sir Thomas Cooke, mtu wa Child, alikuwa ametumia zaidi ya pauni 80,000 mwaka 1693 peke yake kwa "huduma maalumu". Cooke akapelekwa kufungwa Mnara wa London. Duke wa Leeds, kigogo wa serikali, akashitakiwa bungeni kwa gini 5,000; mtumishi wake aliyekuwa shahidi mkuu akayeyuka ng'ambo, kesi ikafia hapo. Child mwenyewe? Sahihi yake haikuonekana popote.

Mwaka 1698 Whig wakamalizia: wakaanzisha kampuni mpya ya India kwa walioikopesha serikali pauni milioni 2 kwa asilimia 8. Kampuni ya zamani ikajipenyeza, ikaandikisha pauni 315,000 ndani ya mkopo huohuo, hivyo ikabaki na haki ya kufanya biashara. Watu wengi wanauona huo kuwa mkono wake wa mwisho. Alifariki Juni 1699.

Mzururaji wa Ilford

Na jumba lenyewe? Pale sasa hivi kuna uwanja wa gofu na shimo, jumba hamna.

MpekuziWaKale

Mwanawe Richard alilibomoa la baba, akajenga jingine kuanzia 1715, jeupe, kubwa, lililosifiwa nchi nzima. Mwaka 1812 mrithi wake, Catherine Tylney-Long, akaolewa na William Wellesley-Pole, mpwa wa Wellington, yule jemadari aliyemshinda Napoleon. Huyo mume alizitafuna mali kwa miaka kumi tu. Samani zikapigwa mnada 1822, na jumba likauzwa kama mawe na mbao mwaka 1824 kwa pauni 10,000, mnunuzi akalibomoa. Hilo shimo unaloliona ndipo liliposimama.

Mchumi Jua Kali

Sasa mleta mada jibu swali moja nikalale. Vita alishindwa, faini alilipa, ukiritimba ukatobolewa. Kwa nini unasema ndiye aliyeigeuza kampuni kutoka mpangaji hadi mtawala, na si waliofuata?

MpekuziWaKale

Kwa sababu ya Charnock. Baada ya msamaha wa 1690 alirudi Bengal, tarehe 24 Agosti, akashuka Sutanuti palepale alipokuwa amejibanza akikimbia. Akafungua ghala. Miaka michache baadaye wakajenga ngome, wakakodi vijiji vitatu vya pale, wakaanza kukusanya kodi kama barua ya 1687 ilivyoagiza. Hapo ndipo Calcutta. Aurangzeb alipofariki 1707 na dola ikaanza kupasuka, kampuni ilikuwa tayari ina Madras, Bombay na Calcutta, miji mitatu yenye mizinga. Mwaka 1765 ikakabidhiwa ukusanyaji wa kodi ya Bengal nzima.

Sheha Mstaafu

Na Janjira, mwanangu? Waliichukua?

MpekuziWaKale

Hapana Sheha. Masidi walitawala pale hadi India ilipopata uhuru, 1947. Chini ya ulinzi wa Waingereza, sawa, lakini kiti chao walikikalia wao.